Meneja asiyepigiwa kura: Cookingham na miaka 19 ya Kansas City

*“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Kansas City, Missouri, na naendesha lori la mizigo ya uwanja wa ndege. Kila siku napita barabara inayoitwa Cookingham Drive. Nilipouliza kazini huyo ni nani, mzee mmoja akaniambia alikuwa meneja wa jiji kwa miaka 19 na ndiye aliyelitoa jiji mikononi mwa majambazi. Nikamuuliza alishinda uchaguzi mara ngapi. Akasema hakuchaguliwa hata mara moja. Hapo nikachanganyikiwa. Kwetu tunalalamika siku zote kwamba mkurugenzi wa jiji hachaguliwi na bado ana nguvu kuliko meya. Sasa huku kwenye demokrasia yao, mtu asiyepigiwa kura anakaa miaka 19 na anapewa barabara? Huo si udikteta? Na je, kwetu mtu wa namna hiyo angefaa? Jambo la pili: usiku watu wanatupa magodoro na matairi kwenye kiwanja kitupu jirani na nyumba tunayopanga. Nimemwandikia meya zaidi ya mara moja, kimya. Nimfuate nani?”*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza la historia na la magodoro kwa mkupuo mmoja, na vizuri umefanya hivyo, maana ukilielewa la kwanza, la pili litakuwa limejijibu nusu.

Nikisoma swali lako, naona kinachokusumbua si jina la barabara. Tumelelewa, wewe na mimi, tukiamini kuwa kiongozi asiyepigiwa kura hana anayemwajibisha isipokuwa aliyemteua. Akidumu miaka 19, basi ama amejifanya mfalme ama ni kibaraka wa mkubwa fulani. Wasiwasi huo una msingi. Kansas City yenyewe ilishawahi kuwa na meneja kibaraka, kwenye kiti hichohicho, chini ya katiba hiyohiyo ya jiji, tena kwa miaka 13. Habari zake nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu bila yeye huyu Cookingham haeleweki.

Kabla ya hapo, turekebishe simulizi ya mzee wa kazini kwako mahali pawili. L. P. Cookingham hakuwafukuza majambazi. Alipofika mwaka 1940 kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa na waendesha mashtaka wa serikali kuu, halafu ikamaliziwa na wapiga kura. Yeye aliitwa baada ya pambano hilo, kuja kuhesabu kilichobaki na kuanza kujenga. Pili, hakupewa miaka 19. Hakupewa hata mwaka mmoja wa uhakika. Diwani ana muhula, meya ana muhula, meneja hana. Baraza la jiji wakati huo lilikuwa na watu tisa pamoja na meya, na kura tano zilitosha kumwondoa. Ile miaka 19 ilitokana na baraza baada ya baraza kutozipata, au kutozitaka, kura tano za kumtoa.

Shika hesabu hiyo ya kura tano. Karibu kila kitu katika habari hii kinazunguka hapo.

Mfumo wenyewe ulianza kidogo kidogo. Mji wa Staunton, Virginia, uliajiri meneja mwaka 1908. Mwaka 1913 mafuriko makubwa yaliupiga mji wa Dayton, Ohio, na mwaka uliofuata Dayton ukawa mji mkubwa wa kwanza kukabidhi utawala wake kwa meneja wa kuajiriwa. Watu walikuwa wamechoka na miji ambayo kazi ya kuchimba mtaro hupewa aliyepiga kampeni na si anayejua kuchimba. Dawa waliyopendekeza ni hii: wananchi wachague baraza dogo, baraza litunge sheria ndogo, lipitishe bajeti, kisha liajiri mtaalamu mmoja wa kuendesha shughuli zote za kila siku. Huyo ndiye anayeajiri na kufukuza wakuu wa idara, anayeandaa bajeti, anayehakikisha taka zinazolewa na maji yanatoka. Meya anabaki mwenyekiti wa baraza, ana sauti kubwa mbele ya umma, lakini kwenye kupiga kura ni mmoja kati ya wenzake. Diwani akitaka jambo, analipitisha barazani au analifikisha kwa meneja. Hana ruhusa ya kumvizia mkuu wa idara pembeni na kumpa amri.

Kansas City iliukubali mfumo huu kwa kura mwaka 1925, na ukaanza kazi mwaka 1926. Wapenda mageuzi walifurahi sana. Aliyefurahi zaidi yao, ajabu, ni Tom Pendergast.

Pendergast alikuwa bwana mkubwa wa mtandao wa chama cha Democratic jijini. Aliwahi kuwa diwani zamani, lakini katika miaka yake ya nguvu hakushika cheo chochote cha jiji. Alikaa kwenye ofisi ya kawaida tu, Mtaa wa Main namba 1908, watu wakapanga foleni kumwomba kazi, makaa ya mawe ya baridi, na msaada polisini. Harry Truman, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alianza siasa kwa kuungwa mkono na mtandao huo. Pendergast aliisoma katiba mpya akaona kitu ambacho waandishi wake hawakukiona. Katika mfumo wa zamani, kulishika jiji kulihitaji kuwashika watu wengi. Sasa alihitaji viti vitano. Uchaguzi wa kwanza ulipofanyika alivipata, vitano kwa vinne.

Hao watano wakamwajiri Henry F. McElroy kuwa meneja. McElroy alikuwa mfanyabiashara wa majengo, na kabla ya hapo alikuwa kwenye bodi ya utawala ya kaunti pamoja na huyo Truman. Hakuficha upande wake. Alitangaza wazi kwamba jiji litaendeshwa kichama. Akajisifu kwamba hesabu anaziweka kwa mtindo wake rahisi, kama mtu wa duka la kijijini, na kwa mtindo huo madaftari yalionekana safi mwaka hadi mwaka.

Sitaki nikufiche kwamba mambo mengi yalijengwa. Mwaka 1931, katika kina cha mdororo wa uchumi, wapiga kura waliidhinisha hati fungani za mamia ya mamilioni ya dola kwa thamani ya leo, na maelfu ya watu wakapata vibarua. Jengo la makao ya jiji lenye ghorofa 30, lililofunguliwa 1937, ni la enzi hiyo, na ukumbi mkubwa wa Municipal Auditorium vilevile. Wazee wengi waliendelea kumkumbuka Pendergast kwa wema kwa sababu familia zao zilikula siku ambazo kwingine watu hawakula. Lakini zege lilitoka kwenye kampuni yake mwenyewe. Kijito cha Brush Creek kilimwagiwa zege kwenye sakafu yake, na kama umepita maeneo ya maduka ya Plaza umekiona. Wafanyakazi wa jiji walikatwa sehemu ya mishahara kuchangia mtandao. Orodha ya mishahara ilijaa wale ambao kwetu tunawaita wafanyakazi hewa. Kura zilipigwa na majina ya marehemu. Kamari na pombe zilifanya biashara wazi mchana kweupe.

Halafu mwaka 1939 yote yakaanguka ndani ya miezi michache. Serikali kuu ilimshtaki Pendergast kwa kukwepa kodi ya mapato, fedha ambazo zilikuwa hongo kutoka kwa kampuni za bima ya moto. Akakiri kosa mwezi Mei na kupelekwa gereza la Leavenworth. McElroy alijiuzulu Aprili. Wakaguzi wakafungua yale madaftari safi na kukuta madeni ya mamilioni ya dola yaliyofichwa. Alifariki Septemba mwaka huohuo, uchunguzi ukiendelea. Jimbo nalo likachukua mamlaka ya polisi wa jiji na kuyaweka chini ya bodi ambayo wajumbe wake wengi huteuliwa na gavana. Hadi leo iko hivyo, na utaona mbele kwa nini nakwambia.

Mwaka 1940 wanawake wa jiji ndio walioendesha kampeni ya kufagia. Nembo yao ilikuwa ufagio mdogo waliouvaa kifuani. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapiga simu, wakaandikisha wapiga kura, wakasimamia vituo. Mgombea wao, wakili John Gage, akawa meya na upande wake ukachukua baraza. Ukitaka kujua nani alilitoa jiji mikononi mwa mtandao, mtajie mzee wa kazini hao kina mama, pamoja na waendesha mashtaka. Mitaa yenye majina yao ni michache mno, na hilo mimi huliona ni deni ambalo jiji halijalilipa.

Baraza jipya lilitafuta mtu asiyekuwa na binamu wala rafiki mjini. Likampata Cookingham, ambaye wakati huo alikuwa meneja wa Saginaw, Michigan. Alizaliwa 1896, na kazi hii alianza kuijifunza kwenye vimji vidogo vya Michigan, Clawson kuanzia 1927 kisha Plymouth, akapanda ngazi kwa ngazi. Hakuwa msemaji wa kusisimua umati. Mambo aliyofanya miaka ya kwanza ukiyasimulia leo yanaonekana hayana ladha. Kazi zilitangazwa na watu wakapimwa kwa sifa. Ununuzi ulipita kwenye zabuni. Bajeti iliandikwa kwa namna ambayo mwananchi angeweza kuisoma, na deni la urithi likaanza kulipwa. Wafanyakazi hewa wakatoka kwenye orodha. Kwa aliyewahi kuona halmashauri ikipata hati chafu mwaka baada ya mwaka, hayo si mambo madogo. Usafi wa jiji huanzia kwenye stakabadhi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha alianza kuwachukua vijana waliomaliza chuo kikuu, wakafanya kazi ofisini kwake kwa kipindi, wakizunguka idara kwa idara, wakimwona anavyobishana na baraza kwa adabu na anavyomwambia diwani hapana. Kisha wakaenda kuongoza miji mingine kote Marekani, nao wakafundisha wengine. Chama cha kimataifa cha mameneja wa miji kina tuzo kwa kumbukumbu yake, inayotolewa kwa meneja anayelea vijana wa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Missouri pale Kansas City kiliipa jina lake taasisi ya masuala ya miji. Ukiniuliza urithi wake mkubwa ni upi, nakutajia hao vijana kabla ya barabara unayopita na kabla ya uwanja unakopeleka mizigo.

Uwanja nao una kisa chake. Julai 1951 Mto Kansas ulifurika vibaya na kuharibu karakana za kampuni ya ndege ya TWA zilizokuwa bondeni, upande wa jimbo la Kansas. Jiji lilihitaji kuibakiza kampuni hiyo, likanunua ardhi kubwa kaskazini, shambani kabisa, mbali na mji. Huo ndio mwanzo wa uwanja uliokuja kuwa Kansas City International, uliozinduliwa kwa sura hiyo mwaka 1972. Unapopita Cookingham Drive unapita kwenye matokeo ya uamuzi huo, na wa mwingine mkubwa zaidi, wa kupanua mipaka.

Alipoingia, jiji lilikuwa na maili za mraba zipatazo 60. Alipoondoka zilikuwa kama 130, na leo ni zaidi ya 300. Cookingham aliamini jiji lisilopanua mipaka litafungwa na vitongoji vinavyotumia barabara zake, kazi zake na hospitali zake bila kulilipa kodi. Tazama St. Louis, ng'ambo ya pili ya jimbo hilohilo. Mipaka yake iligandishwa mwaka 1876. Mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya 850,000. Sensa ya 2020 ilikuta 301,578. Kansas City ilikuwa na takriban 400,000 mwaka 1940, na mwaka 2020 ilikuwa na 508,090. Wengi huishia hapo na kusema mzee aliona mbali.

Aliona mbali kweli, lakini si kila alichokiacha ni baraka, na wewe uliyeuliza kuhusu udikteta unastahili kuambiwa upande huo pia. Jiji lilipovuka Mto Missouri kwenda kaskazini, kura ya mwaka 1946 ilipigwa na wakazi wa jiji. Waliokuwa wanamezwa hawakuulizwa, na kesi zikaenda mahakamani. Halafu ukubwa huo una gharama: mabomba marefu, barabara ndefu, magari ya taka yanayotembea maili nyingi kati ya nyumba na nyumba, huku mitaa ya zamani ya katikati ikikimbiwa na watu. Hesabu ya jumla ya jiji ilipanda, na kupanda huko kukaficha mashimo ya katikati. Nisingeshangaa kama kiwanja hicho kitupu karibu na kwenu ni mojawapo ya mashimo hayo.

Kisha kuna suala la rangi. Mwaka 1951 watu weusi walikataliwa kuingia kwenye bwawa la kuogelea la Swope Park, bwawa lililojengwa kwa fedha za umma. Walipokwenda mahakamani, bwawa likafungwa kwa wote msimu wa 1952 na wa 1953 badala ya kuwaruhusu. Lilifunguliwa kwa rangi zote 1954, baada ya jiji kushindwa kesi. Haki inanitaka niseme kwamba bustani zilikuwa chini ya bodi yake, hazikuwa chini ya meneja moja kwa moja. Haki hiyohiyo inanitaka niseme kwamba jiji lenye sifa ya utawala bora kuliko mengi lilitumia mawakili wake na fedha zake kutetea ubaguzi, na meneja wake mashuhuri hakuugeuza msimamo huo. Mipango ya barabara kuu ya miaka ya 1950 nayo ilichora mstari katikati ya makazi ya watu weusi upande wa mashariki. Barabara ya Bruce R. Watkins Drive, iliyokamilika 2001, ilifuata mpango huo na iliondoa maelfu ya watu majumbani mwao.

Hapa ndipo naona udhaifu wa ndani kabisa wa mfumo huu, na ni tofauti na ule unaouhofia. Meneja hodari anatekeleza vizuri kile baraza linachokitaka. Baraza likitaka haki, ataitekeleza kwa ufanisi. Likitaka dhuluma, dhuluma hiyo itapangwa vizuri, kwa zabuni safi na hesabu zisizo na doa. Ufanisi hauchagui upande, na meneja anayesema “mimi ni mtaalamu tu, siasa si zangu” anaweza kujificha nyuma ya maneno hayo kwa miaka mingi.

Kuhusu udikteta, sasa. Mwaka 1959 Chama cha Wananchi cha huko (Citizens Association), kundi la wanamageuzi lililokuwa likimuunga mkono, kilipoteza wingi barazani, na Cookingham akaondoka. Hakukuwa na vifaru, hakukuwa na amri kutoka juu. Wingi wa baraza ulibadilika, basi. Alikwenda Fort Worth, Texas, akawa meneja huko hadi 1963. Kansas City ilibadilisha mameneja haraka haraka katika miaka iliyofuata. Alifariki mwaka 1992. Na usidhani hiyo ni historia iliyolala: mwaka 2025 baraza la jiji hilohilo lilimfukuza meneja wake kwa kura. Dikteta hafukuzwi na watu wanaokaa naye mezani kila wiki.

Kwa hiyo weka McElroy na Cookingham pamoja. Katiba ilikuwa ileile, hesabu ya kura tano ileile, mamlaka yaleyale. Mmoja alikuwa kibaraka, mwingine mtumishi. Kilichobadilika ni nani amewaweka wale watano barazani na nani anawaangalia. Kwa miaka 13 aliyewaweka alikuwa Pendergast. Baada ya 1940 walikuwa wapiga kura waliochoka kuibiwa, na kwa karibu miongo miwili hawakulala.

Umeuliza kama kwetu mtu wa namna hii angefaa. Tanzania, mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais. Madiwani wanachaguliwa na wananchi, nao wanamchagua meya miongoni mwao. Juu juu inafanana na Kansas City: baraza la kuchaguliwa, mtendaji wa kuteuliwa. Tofauti iko kwenye mlango wa kutokea. Kansas City, wanaomwajiri ndio wanaomfukuza, na wanakaa mjini na kuombwa kura na watu walewale wanaopita kwenye mashimo barabarani. Kwetu, madiwani wanaweza kumlalamikia mkurugenzi na kupitisha azimio, lakini mkono unaomwinua na kumshusha uko mbali nao. Ndiyo maana anawatazama walio juu zaidi ya walio mbele yake. Sisemi wakurugenzi wetu ni wabaya. Nimewafahamu wengi wachapakazi wanaohamishwa kabla ya kumaliza mtaro walioanza. Kenya, sheria ya miji ya 2011 imeweka bodi na meneja kwa majiji kama Kisumu, lakini na huko meneja anaishi chini ya kivuli cha serikali ya kaunti.

Na sisi tumewahi kujaribu utaalamu bila baraza. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja hadi mwaka 2000. Waliokuwepo wanakumbuka taka zikizolewa na mapato yakikusanywa. Ni kweli. Lakini kwa miaka hiyo mkazi wa Manzese hakuwa na diwani wa kumuuliza kwa nini mtaa wake umerukwa. Kwa maoni yangu, anayetamani Cookingham wa kwetu aanze kwa kudai mambo mawili: mkurugenzi awajibike kwa madiwani kwa namna inayouma, na madiwani wenyewe wachaguliwe kwa kazi zao badala ya rangi ya kofia. Ukilichukua la kwanza ukaliacha la pili, umemtengenezea Pendergast kiti.

Haya, twende kwenye magodoro.

Umemwandikia meya, naye hakujibu. Huenda ni uzembe wa ofisi yake, lakini kubwa ni kwamba si yeye anayetuma gari. Idara zinazoshughulikia utupaji taka ovyo ziko chini ya meneja wa jiji, na mlango wa kuingilia ni namba 311. Piga, au tumia mtandao wao, taja anwani kamili ya kiwanja, ambatisha picha za mchana, na usikate simu bila kupata namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako. Bila namba hiyo hujalalamika, umezungumza tu. Si lazima uwe raia. Anayepiga kura ni raia, lakini mkazi yeyote ana haki ya kudai taka ziondolewe.

Wakati unasubiri, tafuta mwenye kiwanja. Rekodi za viwanja ziko wazi mtandaoni. Viwanja vingi vitupu jijini ni vya Land Bank, chombo cha umma kinachoshika ardhi iliyotelekezwa. Kama ni chao, hao ndio wa kubanwa. Kama ni cha mtu binafsi, jiji linaweza kumwandikia ilani asafishe.

Likikaa wiki kadhaa bila hatua, nenda kwa madiwani wako, na hapa watu wengi hukosea: una wawili, siyo mmoja. Baraza la sasa lina meya na madiwani 12 kutoka wilaya sita, kila wilaya wawili, mmoja akichaguliwa na wilaya na mwingine na jiji zima. Waandikie wote wawili barua moja, weka namba za kumbukumbu za 311 na tarehe zake, na uwaombe waulize ofisi ya meneja kwa nini kazi imekwama. Diwani hawezi kumwamuru dereva wa gari la taka, lakini swali lake kwa meneja lina uzito, kwa sababu diwani huyo ni moja ya zile kura. Ukiweza, jiunge na chama cha wakazi wa mtaa wenu na muende pamoja kwenye vikao vya kamati za baraza, ambako wananchi husikilizwa. Watu kumi wenye picha wanasikika kuliko barua kumi za mtu mmoja.

Kuwakamata watupaji ni kazi nyingine. Andika namba ya gari ukiwa ndani kwako, usitoke kugombana nao usiku. Na ukipeleka suala polisi, kumbuka nilichokwambia kuhusu 1939: polisi wa Kansas City hawako chini ya meneja, kwa hiyo malalamiko juu yao hayaendi kwake bali kwenye bodi yao.

Kuna hali ambazo barua yangu haitoshi, na nakuomba uonane na mtu ana kwa ana. Ukiona mapipa ya kemikali, sindano, au vifusi vyenye vumbi la ajabu, usiguse na usiwaache watoto karibu. Waambie 311 hivyohivyo, kwa maneno hayo. Na ikitokea ukapokea ilani ya jiji inayokulaumu wewe kwa taka hizo, au mwenye nyumba akatishia kukutoza au kukutoa kwa sababu umelalamika, usiiweke kabatini. Nenda nayo ofisi ya Legal Aid of Western Missouri, wanaosaidia wenye kipato kidogo, na uende kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye ilani. Ikifika mahakama ya jiji, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, hata kama Kiingereza chako ni kizuri cha kazini, maana lugha ya ilani ni nyingine. Beba mkataba wako wa pango, zile namba za kumbukumbu na picha zenye tarehe.